Springi za Nyuma za Gari la Zamani: Shokapu Pekee au Vyote Pamoja?

Anayebadilisha shokapu pekee, bila springi, huokoa fedha, na kama springi bado zina nguvu, uamuzi huo ni sahihi kabisa. Hata hivyo, shokapu haibebi uzito wa gari. Kazi yake ni kutuliza mdundo, ilhali kimo cha gari hutegemea springi. Kwa hiyo gari lililokaa chini nyuma litabaki hivyo hivyo hata likifungwa shokapu mpya, nazo zitafanya kazi zikiwa zimekwishabonyea nusu.

Kipimo ni rahisi: simamisha gari tupu mahali tambarare, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia. Pande zikitofautiana, au zote zikiwa chini ya kimo cha kiwandani, springi zimechoka.

Pale ambapo springi imezunguka shokapu, mimi hupendelea kubadilisha vyote, pamoja na raba ya juu, kwa jozi. Sababu ni kwamba kazi ya kufungua ni ile ile, na ndiyo yenye hatari: nati ya juu haiguswi kabla springi haijabanwa kwa vibanio maalumu, maana ikifyatuka inaweza kuua. Wakati wa kufunga, boliti zenye bushi za mpira (mikono ya mpira inayozunguka boliti kwenye maungio) zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa juu ya jeki, mpira hujipinda na kuchanika mapema.