Kipimo cha maji ya mgongo: kipimo chenyewe safi, maabara ndo ilinichosha

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu alianza na homa na kichwa, siku ya tatu akawa anaongea vitu havieleweki, anamwita mke wangu kwa jina la marehemu bibi, usiku degedege. Tukakimbilia hospitali moja ya binafsi hapa Dar, malaria hamna, daktari akasema lazima atolewe maji ya uti wa mgongo, waone kama kuna maambukizi kwenye ubongo.

Hapo mama akagoma. Si unajua, kila ukoo una hadithi ya mtu alochomwa sindano ya mgongo akapooza. Daktari akakaa nae chini (huyu nampa tano zote) akamwelekeza kwamba sindano inaingia huku chini kiunoni, uti wenyewe unakuwa ushaishia juu yake, hapo kuna maji na nyuzi za neva tu. Mama akasaini. Dogo akalazwa ubavu kajikunja magoti kifuani, yakatoka maji maangavu kama ya kunywa.

Majibu ya kwanza hayakuchelewa, seli nyeupe zimepanda, nyingi limfosaiti (aina mojawapo ya hizo seli nyeupe), sukari ya kwenye hayo maji iko sawa. Daktari akasema hapa tunawaza virusi zaidi kuliko bakteria, ila kujua ni kirusi gani inabidi PCR, kile kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi. Na PCR kumbe hawana, wanatuma maabara ya nje, na hilo hakuna aliyetuambia wakati tunalipa keshi!! Tuliahidiwa masaa 24, siku ya pili nauliza kaunta naambiwa sampuli bado ipo kwenye friji inasubiri bodaboda. Dah. Majibu yakaja siku ya nne.

Kilichotuokoa ni yule daktari hakusubiri karatasi, dripu ya asaikloviri (dawa ya virusi) alianza usiku uleule, kila masaa nane. PCR ikasoma kirusi cha hepesi namba moja, hii hii inayotoa vidonda mdomoni. Alisema pia ukipima siku za mwanzo kabisa inaweza kusoma hamna na kumbe kipo, kwahiyo ukijibiwa hamna na mgonjwa bado kachanganyikiwa usikubali dripu itolewe, omba warudie.

Kichwa kilimuuma siku mbili kila akikaa, akilala kinaacha, wakasema ni sababu ya sindano, kikapita.

Kipimo 5/5, maabara 2/5, tena mbili za huruma. Ulizeni PCR inafanyikia wapi kabla hamjalipa. Dripu inaenda mpaka siku ya 21, jana kamwita mke wangu kwa jina lake halafu kaomba chipsi.