Kampuni ya vifaa tiba ya Mikocheni: bidhaa nzuri, uongozi wa kuhesabu ankara

Tathmini hii inahusu kampuni moja ya usambazaji wa vifaa tiba yenye ofisi zake upande wa Mikocheni, jijini Dar es Salaam, ambako nilifanya kazi ya uofisa mauzo kabla ya kuhamia kitengo cha ununuzi cha hospitali binafsi na kuwa miongoni mwa wanaouziwa. Jina lake silitaji, kwa kuwa baadhi ya niliofanya nao kazi bado wapo pale na wanalea familia kwa mshahara wa pale. Nawaandikia watu wa aina mbili: kijana mwenye stashahada au shahada ya maabara, famasia au uhandisi wa vifaa tiba ambaye ameitwa kwenye usaili katika kampuni ya namna hii, na mganga mfawidhi au ofisa ununuzi ambaye amewekewa mezani ofa yenye punguzo linalokwisha Ijumaa.

Nianze na bidhaa, kwa sababu hapo sina ugomvi nao. Wanawakilisha watengenezaji wanaojulikana, na kila kifaa wanachokiuza kinapitia Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo huvigawa vifaa tiba katika madaraja ya A hadi D kwa kufuata ukubwa wa hatari kwa mgonjwa. Kwa muda wote niliokuwa pale sikuona shehena ikiingia kwa njia za panya, na mtu wao wa usajili ni mmoja wa watu makini zaidi niliowahi kufanya nao kazi: hawezi kuruhusu hata katoni moja itoke ghala la Barabara ya Nyerere kama lebo yake haifanani na cheti.

Katika suala la rushwa pia wanastahili sifa, tena isiyo ndogo. Watengenezaji wa Marekani na Ulaya huwabana mawakala wao kwa mikataba, kwa kuwa sheria ya Marekani ya mwaka 1977 inayokataza kuwahonga maofisa wa serikali za nje inaweza kumfikia mtengenezaji kupitia kwa wakala wake, na hapa nyumbani tunayo Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Kampuni nyingi huyatundika haya ukutani na mambo yakaishia hapo. Hii niliiona ikijitoa katika kazi kubwa kwa sababu mtu mmoja alitaka chai, na mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyempigia simu ofisa mauzo kumwambia asirudi tena katika ofisi ile. Kwa biashara yenye ushindani kama huu, uamuzi huo ulikuwa na gharama, na aliubeba bila kutafuta wa kumlaumu.

Kwa hiyo mkurugenzi si mtu mbaya. Anazijua mashine zake kuliko wauzaji wake wengi, na daktari bingwa akimuuliza swali la kitaalamu hamwelekezi kwa mtu mwingine. Kasoro yake ni kwamba kitengo cha mauzo amekikabidhi kwa meneja anayepima kila kitu kwa ankara, kisha akakubali kwamba kipimo hicho kinatosha.

Kila Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, kikao cha mauzo huanzia kwenye ubao. Majina ya maofisa yameandikwa upande wa kushoto, kiasi cha mwezi kimeandikwa kulia, na mbele ya kila jina hubandikwa sumaku ya kijani, ya njano au nyekundu. Meneja haulizi ni mteja gani ana shida gani, huuliza neno moja tu, “Umefunga?”, yaani umekamilisha mauzo, na mwenye sumaku nyekundu hujibu akiwa amesimama wakati wenzake wamekaa. Dada mmoja, mfamasia kwa taaluma, alieleza katika kikao kimoja kwamba maabara aliyokuwa akiifuatilia Mbagala ilikuwa ikisubiri malipo ya bima na haikuwa na fedha kwa wakati ule. Meneja akamjibu, “Dada yangu, bima si mteja wako. Mteja wako ni yule mwenye kalamu.” Watu wakacheka. Kabla robo ya mwaka haijafungwa, dada huyo alileta ankara, akapewa sumaku ya kijani na makofi.

Ankara ile ilikuwa ya vitendanishi, yaani kemikali ambazo mashine za maabara hutumia kupima sampuli, vya miezi minane kwa maabara ndogo ambayo haikuwa na wagonjwa wa kuvimaliza. Inafaa nieleze hapa biashara yenyewe inavyokwenda, kwani wanaoumia ni wasioijua. Mashine ya kupima picha kamili ya damu, au ya kemia, mara nyingi haiuzwi. Huwekwa katika maabara bila malipo, nayo hospitali hufunga mkataba wa kununua vitendanishi kwa kampuni hiyo peke yake, kwa kuwa mashine nyingi za aina hii zimeundwa zisikubali vitendanishi vya mtu mwingine. Mpango huu si wizi. Kituo kisicho na mtaji hupata mashine ya kisasa, na kampuni hurudisha fedha yake kidogo kidogo. Uzuri wake wote, hata hivyo, unasimama juu ya idadi ya vipimo kwa siku. Mashine hula vitendanishi hata pasipo mgonjwa: ikiwashwa asubuhi hujisafisha, kisha hupimwa sampuli za kudhibiti ubora, na chupa ikishafunguliwa muda wake wa kutumika huwa mfupi kuliko tarehe iliyochapishwa kwenye boksi. Tuseme mkataba umeandikwa kwa vipimo 50 kwa siku na maabara inapata 15. Gharama halisi ya kipimo kimoja itapanda hadi pale ambapo malipo ya bima hayaifidii, na maabara itaendelea kufanya kazi kwa hasara.

Ofisa mauzo mzuri hukaa na mtaalamu wa maabara, akafungua daftari la vipimo la miezi kadhaa iliyopita, akahesabu, na pengine akashauri mashine ndogo zaidi. Nawafahamu waliokuwa wakifanya hivyo pale, na wote walikuwa wa sumaku ya njano. Maabara ya Mbagala ilibaki na maboksi yaliyopita tarehe, yamepangwa chini ya meza ya kuchukulia damu, na msimamizi wake alipoomba angalau yabadilishwe alijibiwa kwamba mauzo yalikwisha kukamilika na robo ilikwisha kufungwa. Mashine ilirudishwa ghalani mwaka uliofuata. Yule dada aliondoka kabla ya hapo, na sijui kama kuna aliyeandika popote kwamba kituo kile kilipotea kwa sababu ya ankara iliyopigiwa makofi.

Chanzo chake ni kanuni moja ya malipo. Kamisheni huhesabiwa siku ankara inapotoka. Si siku watumiaji wanapotia saini ya kuipokea mashine ikiwa inafanya kazi, wala si siku fedha inapoingia benki. Mteja asipolipa ndani ya siku 90, kamisheni hurejeshwa kwa kukatwa katika mshahara wa ofisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara ovyo, bali pale sheria inaporuhusu au mfanyakazi anapokubali kwa maandishi, na kampuni imelitimiza hilo kwa kipengele kilichowekwa katika kiambatisho cha mwisho cha mkataba, karatasi ambayo watu husaini siku ya kwanza wakiwa na furaha ya kupata kazi. Matokeo yake ofisa ana haraka ya kuuza na hofu ya kudai, na katikati ya haraka na hofu hiyo hakuna nafasi ya kurudi wodini kuuliza kama monita bado inasoma mapigo.

Kazi hiyo ya kurudi wameachiwa mafundi, nao ni wachache mno. Ni vijana wazuri, baadhi yao waliosomea vifaa tiba pale Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ambao hutoka Temeke kwenda Bunju na kurudi Upanga kwa siku moja, katika foleni hii tunayoijua, wakiwa na begi moja la vipuri. Kitengo cha mauzo kinaitwa injini ya kampuni katika kila hotuba ya mwisho wa mwaka. Chao hutajwa kwenye ukurasa wa gharama. Nakumbuka muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji akituuliza, mbele ya mashine ya usingizi ambayo mipira yake ya oksijeni haikuingiana na viunganishi vya ukutani, “Wanangu, kabla ya kuileta hii hamkuja kuangalia ukuta?” Fundi alikuwa ameomba kwenda kuangalia. Aliambiwa asubiri, mzigo utoke kwanza ndani ya mwezi.

Kuna jambo dogo linaloonyesha jinsi uongozi ulivyobaki nyuma ya wakati. Tangu mwaka 2023 ununuzi wa taasisi za umma unapita katika mfumo wa kielektroniki wa NeST, na kazi ya maana kwa muuzaji imekuwa kuelewa mahitaji mapema, kuandaa nyaraka zilizokamilika na kuweka bei yenye akili. Meneja bado anataka picha za ziara. Kila ofisa hutuma kwenye kundi la WhatsApp picha yake akiwa getini kwa hospitali, na asiyetuma huulizwa alikuwa wapi. Wapo walinzi wa mageti waliokwisha kutuzoea kuliko madaktari wa ndani.

Mshahara wa msingi unalipwa kwa wakati, na unatosha kodi ya chumba na sebule Tabata pamoja na nauli. Posho ya mafuta haitoshi. Mafunzo ya watengenezaji ni ya kweli, na cheti chake kinaheshimika kwa waajiri wengine wa sekta hii, akiwemo huyu ninayemfanyia kazi sasa. Kwa mafunzo hayo peke yake ningeweza kumshauri kijana akubali kazi, lakini aombe kusoma mkataba wote na viambatisho vyake nyumbani kabla ya kusaini, na aulize wazi kamisheni inapatikana lini na inarejeshwa lini. Akumbuke pia kwamba mwenye chini ya miezi 6 kazini hana ile kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki, na pale Mikocheni wengi wenye sumaku nyekundu huagwa wakiwa na miezi mitano kazini. Jumla, kama mahali pa kazi, nawapa nyota tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za bidhaa na za msimamo wao juu ya rushwa.

Kwa hospitali, ushauri wangu ni wa karatasi zaidi. Idadi ya vipimo iandikwe kutoka kwenye daftari lenu, msikubali itoke kwenye jedwali la muuzaji. Vitendanishi viletwe kwa mwezi, vikiwa na muda wa kutosha kabla ya kuisha, na malipo yaanze baada ya fundi wao na mtaalamu wenu kutia saini pamoja mbele ya mashine inayofanya kazi. Jina la fundi na muda wa kuitikia wito viwe ndani ya mkataba, visiwe kwenye barua ya maelezo. Nimekwisha kuyadai masharti haya kwa kampuni hii nikiwa mnunuzi. Katikati ya robo ya mwaka walivuta wiki kadhaa kuyakubali. Wiki ya mwisho ya robo waliyasaini siku ileile, na meneja mauzo aliyaleta mwenyewe.