Silikoni ya tangi la samaki: kabla ya bei, soma tarehe

Julai mwaka jana niliamka Jumapili nikakuta mkeka wa sebuleni umelowa chapachapa. Tangi langu la lita 200, lenye mbuna kumi na wanne wa Ziwa Nyasa, lilikuwa linavuja kona ya nyuma kushoto. Tone linachungulia chini ya kioo, linanenepa, linaanguka, jingine linashika nafasi yake. Nikawahamishia samaki kwenye pipa la plastiki pamoja na hita yao, maana baridi ya Mbeya mwezi ule haina huruma na samaki wa ziwa, nikakimbilia Mwanjelwa kutafuta silikoni, ile gundi ya kuunganishia vioo. Duka la kwanza, elfu 7, nikarudi mbio. Fundi wa vioo akapaka jioni ileile. Siku ya nne nikabonyeza ile kona kwa kidole gumba, kikatoka na uzi unaovutika kama bigijii. Haikuwa imekauka, na wiki iliyofuata ilikuwa vilevile.

Tangu hapo watu wakiniuliza wanunue silikoni gani, sianzi na rangi wala bei. Nawaambia geuza tyubu utafute tarehe. Huwa imepigwa mhuri kitakoni au ubavuni, kwa herufi ndogo ambazo kidole hugundua kabla ya macho. Silikoni hukauka kwa kuvuta unyevu wa hewani, na unyevu huohuo huipenya tyubu polepole ikiwa bado rafuni. Tyubu nyingi zimepewa maisha ya miezi 12 hadi 18 tangu zitengenezwe. Ikipitiliza, ama inatoka na mabonge, ama inabaki laini na haishiki kioo. Kwenye ukuta wa bafu utaona nyufa tu. Kwenye tangi langu ni kilo 200 za maji zinazosukuma vioo usiku na mchana.

Hata kama tarehe ni nzuri, kabla ya kupaka kamua kiasi cha punje ya maharage kwenye kipande cha kioo. Baada ya nusu saa iguse taratibu. Iliyo nzima huwa imeshika ngozi juu na haikung'ang'anii kidole. Ikikung'ang'ania, weka chini, usimruhusu fundi akuambie "itakauka tu mama".

Sasa ipi ununue. Ya kwanza kwangu ni Silirub AQ ya Soudal, kampuni ya Ubelgiji, na naipendelea waziwazi. Imetengenezwa kwa ajili ya akwariamu, na tyubu niliyoletewa ilikuwa na tarehe inayosomeka bila miwani. Mdogo wangu alinunua Dar es Salaam akaipakia kwenye basi, nikaipokea kesho yake asubuhi. Inapokauka inanuka siki kali. Hiyo ni asidi ya siki inayotoka, na harufu ikiisha kabisa, ujue imekauka. Kona yangu haijatoa tone tena.

Ya pili ni JBL AquaSil ya Ujerumani. Sifa yake kubwa ni kwamba ipo pia tyubu ndogo ya mililita 80. Mwenye tangi moja hahitaji mililita 310. Utaifungua, utatumia robo, iliyobaki itagandia mdomoni mwa tyubu.

Ukikwama kabisa, silikoni ya kawaida ya madirisha, isiyo na rangi, yenye harufu ya siki na isiyo na dawa ya ukungu, inaweza kukuokoa. Ile ya bafuni iache dukani. Dawa yake ya kuzuia ukungu inadhuru samaki.

Kinachoniuma ni wauzaji. Nilirudi Mwanjelwa na ile tyubu ya kwanza, nikamwonyesha kijana wa dukani mahali tarehe ilipokwanguliwa. Akanijibu, "Silikoni siyo maziwa, dada, haichachi." Kisha akanionyesha karatasi ukutani: bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Nilipita maduka mengine manne mchana ule. Matatu yalikuwa yamepanga tyubu mlangoni, jua linazipiga tangu asubuhi. Elfu 7 si hela ya kutupa, na hapo sijataja elfu 15 ya fundi na mbuna wawili waliofia kwenye pipa. Mtu anayekwangua tarehe anajua anachofanya. Ukikuta pamekwanguliwa, usibishane bei, ondoka.

Ukishapata tyubu nzima, usipake juu ya silikoni ya zamani, kwa sababu mpya haishiki kwenye iliyokwisha kukauka. Kwangua ya ndani yote kwa wembe, futa kioo kwa spiriti, acha kikauke, ndipo upake. Katika hali nzuri hukauka kama milimita 2 hadi 3 kwa siku, lakini Juni na Julai huku kwetu hewa ni baridi na kavu, kwa hiyo mwendo unapungua. Mimi niliweka beseni la maji ya moto chumbani kila jioni na nikasubiri siku kumi. Siku ya kumi na moja nikajaza nusu, nikatandika gazeti kavu chini ya kona, nikalala. Asubuhi lilikuwa kavu, ndipo nikaongeza maji mpaka juu.