Kutibiwa ADHD ukubwani hapa Unguja: kliniki niliyokwenda mimi, nyota 4 kati ya 5

Nawapa nyota nne. Ingekua namkadiria daktari peke yake ningempa tano zote, moja nimeikata kwa mambo ya mapokezi na miadi, ntayaeleza mbele. Jina la kliniki silitaji mana mji wetu huu tunajuana na daktari mwenyewe hajaniomba nimtangaze. Ninachotaka hasa ni mtu akisoma hapa ajue vipi atamtambua daktari anaeijua kazi hii ya ADHD, yani ile hali ya ubongo inayomfanya mtu akose umakini na utulivu, kwasababu nimepita kwa wawili na tofauti yao ni kubwa mno.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nakaa Fuoni, nafanya hesabu kwenye kampuni ya utalii mjini. Toka mdogo naitwa mapepe. Kazi naijua, bosi mwenyewe anakubali, lkn ripoti ya mwezi lazma niimalize usiku wa mwisho huku nalia, nabandika wali naenda kuchukua nguo kambani nakutana na kitu chengine huko mpaka harufu ya kuungua inafika kwa jirani, mtu anazungumza na mimi namtazama usoni kabisa na nusu ya maneno yake sijayasikia. Watu wakisikia ADHD wanamfikiria mtoto wa kiume anaeruka juu ya madeski. Wapo hao. Lkn watoto wa kike wengi haturuki, tunakaa kimya nyuma ya darasa akili iko kisiwani Chumbe, mwalimu anaona huyu hana tabu, ndo mana tunapita tunafika ukubwani tunaolewa tunazaa na hakuna aliejua.

Pahala pa mwanzo nilipokwenda, na napo jina sitaji, nilikaa kitini nikaanza kueleza, sijafika hata nusu ya maneno yangu nikaambiwa una stresi wewe, punguza kufikiri, nikaandikiwa vidonge vya usingizi. Hakuna swali hata moja la utoto wangu. Hakuna alieniuliza presha, wala kama natumia dawa nyengine, wala nyumbani hali ikoje. Nikalala kweli, lkn asubuhi kichwa kizito na kazini makosa yakazidi. Nimelieleza hili kwasababu nnawajua watu watatu wanne hapa hapa mjini waliopita njia hio hio wakakata tamaa, wakaamini basi wao ni wavivu tu, na kwa kweli linaniuma sana hili.

Huyu wa pili alianza kwa kuniambia leo sikupi dawa, leo nataka unihadithie. Akaanzia mbali kweli, darasa la kwanza skuli ulikuaje, chuoni kwenye Kurani ulikuaje, nani alikua anakupiga na kwa kosa gani, umewahi kufukuzwa kazi, umewahi kupata ajali, unalala saa ngapi, ndoa inakwendaje, pesa zinakwendaje. Alikua anaandika huku ananisikiliza, na nikitoka nje ya mada (na natoka sana) ananirudisha taratibu bila kunikaripia. Kisha akanieleza kwanini anauliza yote hayo. ADHD haianzi ukubwani, wataalamu wanataka dalili ziwe zilionekana kabla ya miaka 12, na zionekane pahala pawili au zaidi, sio kazini tu kwasababu bosi mkorofi, au nyumbani tu kwasababu ndoa ina matatizo. Dalili zenyewe ziko mafungu mawili, tisa za kukosa umakini na tisa za kutotulia na kukurupuka, kuanzia miaka 17 unatakiwa uwe na tano au zaidi katika fungu moja, kwa walio chini ya umri huo ni sita, na ziwe zinakuharibia maisha kweli sio za siku moja moja ambazo kila mtu anazo.

Ipo na ile fomu ya Shirika la Afya Duniani, maswali 18, yale sita ya mwanzo ndo ya kuchuja haraka. Iko kwa Kiingereza lkn yeye aliniuliza kwa Kiswahili moja moja, na penye "mara nyingi" akawa ananitaka mfano wa wiki ile ile. Akaniambia wazi fomu peke yake haimpi mtu ugonjwa, inaonesha tu kua kuna haja ya kuchimba zaidi. Kwaio nyie mliojaza kwenye intaneti mkapata maksi za juu mkajipa jina, nendeni mkaonekane, inaweza kua ADHD inaweza ikawa kitu chengine kabisa.

Na hapo ndo alipozidi kunifurahisha. Akanipeleka nikapime damu, wingi wa damu na tezi ya shingo, kwasababu upungufu wa damu na tezi isiyofanya kazi sawa vinamfanya mtu achoke asahau asiweze kukaa na jambo moja. Akaniuliza kama nakoroma, akaniuliza kwa upole kabisa kama nina huzuni ya muda mrefu au niliwahi kufikiria kujidhuru, mana sonona na wasiwasi vinatembea pamoja na ADHD mara nyingi na ukitibu kimoja ukaacha chengine hujafika pahala.

Miadi ya pili akaomba nije na mtu alienijua mtoto. Nikaenda na mama. Mama yangu alikua haamini mambo haya hata kidogo, njia nzima ananambia mwanangu hebu usijitie uchizi, watu watasema nini. Daktari akampokea kwa shikamoo, akamuita bi mkubwa, akamuacha aseme. Basi mama akafunguka! Akamhadithia viatu vyangu vilivyokua vinapotea kimoja kimoja, msahafu nilivyousahau kwenye daladala ya Mwanakwerekwe, mwalimu wa chuoni alivyokua ananiweka mbele yake kabisa nisome peke yangu kwasababu nikikaa na wenzangu sura haiingii, nikiwa peke yangu naihifadhi haraka kuliko wote. Na ripoti za skuli mama alikua kazitunza sandukuni, karibu kila mwaka mwalimu kaandika ana uwezo lakini hatulii. Daktari akazisoma zote pale pale. Kisha akamgeukia mama akamuuliza, na baba yake alikuaje? Mama akanyamaza kidogo akasema ni yeye mtupu. Tukaelezwa kua kitu hichi kinarithiwa sana katika familia, hakitokani na malezi mabaya wala sukari wala mama kufanya kosa. Mama kutoka siku ile ndo ananikumbusha dawa.

Dawa sasa. Niliyopewa ni methylphenidate, wengi wanaijua kwa jina la Ritalin. Watu wanaogopa wakidhani ni kitu kipya cha kujaribiwa, dawa hii inauzwa toka miaka ya 1950. Inafanya dopamini na noradrenalini zikae zaidi kwenye ubongo, zile kemikali zinazokusaidia kuanza jambo na kukaa nalo. Kabla ya kuandika alinipima presha na mapigo ya moyo, akauliza kama ukoo wetu kuna aliefariki ghafla kwa moyo, kama nina mimba au naitarajia, akanambia nipunguze kahawa. Akaanza na dozi ndogo, akapandisha kidogo kidogo kila tukionana. Mwanzoni hamu ya kula ilikatika, na nikichelewa kumeza usingizi unakimbia, tukarekebisha saa za kumeza ikakaa sawa. Inavyofanya kazi kwangu ni kama mtu kazima redio iliokua inapiga chumba cha pili maisha yangu yote. Sikugeuka mtu mwengine, bado nasahau, lkn nikiamua nakaa kwenye hesabu naanza, na nikianza namaliza.

Tabu iko kwenye kuipata. Hii ni dawa inayodhibitiwa kimataifa, imo kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, kwaio huwezi kuingia duka lolote la dawa Darajani ukaiomba ukapewa, na msikubali kununua kwa mtu wa mkononi, hujui umeuziwa nini. Mimi maduka mengi niliyouliza mjini hawana, tunaagizia Dar kwa cheti cha daktari, na bahari ikichafuka boti isende au mzigo ukichelewa unabaki mkavu. Daktari alinitajia na nyengine, atomoxetine, ambayo haimo kundi moja na hii, lkn hio inachukua wiki kadhaa mpaka uone nguvu yake, yule anaetaka kuona tofauti siku hio hio itabidi awe na subira nayo.

Na Ramadhani, hili nalieleza kwa kirefu kwasababu sikulikuta pahala popote. Dawa ya muda mfupi inakaa masaa matatu mpaka manne. Ukimeza kwenye daku saa kumi alfajiri, ikifika saa mbili asubuhi unaingia ofisini imeshaisha. Daktari mwenyewe ndo alieanza kuniuliza mwezi wa Shaabani, utafunga? Nikamwambia nafunga inshallah. Hakuniambia usifunge. Akanipa ile ya kutoka taratibu ambayo inakaa masaa 8 mpaka 12 kutegemea na aina, namezea daku nikiwa nimeshakula vizuri, maji mengi usiku, na futari nisiiruke hata kama tumbo halitaki mana hamu inakatika. Akataka nipime presha katikati ya mwezi. Nilifunga vizuri alhamdulillah na kazi nikafanya. Mtu asijigeuzie saa za dawa mwenyewe mwezi wa Ramadhani, muulize daktari wako kabla mwezi haujaandama.

Jengine kuhusu dini. Nyumbani walitaka nisomewe, na nimesomewa, na nasomewa mpaka leo. Nilimwambia daktari nikidhani atanikebehi, akanijibu kisomo endelea nacho na dawa meza. Ilinipa moyo sana kwasababu kuna waliolazimishwa kuchagua kimoja, na mtu wa kwetu ukimlazimisha achague utampoteza.

Dawa sio kila kitu, kuna na dada wa ushauri nasaha pale pale kliniki ambae tunakaa nae kupanga mambo. Hajanipa mawaidha ya jitahidi. Kanifundisha vitu vya mkono: kazi kubwa niikate mpaka iwe ndogo ya kuchekesha, fungua faili tu, andika tarehe tu. Kengele za simu zenye jina la kazi sio mlio mtupu. Funguo, kitambulisho na pochi vikae kwenye kikapu kimoja mlangoni, basi. Na kazi nzito nisifanye peke yangu, wifi yangu anakuja na cherehani yake anashona na mimi nafanya hesabu, hatuzungumzi, lkn kuwepo kwake tu kunanikalisha. Hili la wifi limenisaidia kuliko nilivyotarajia.

Mtoto wa dada yangu nae, yuko fomu two, tumempeleka. Nilichopenda ni kua daktari alizungumza na wazazi, kisha akawaomba watoke akazungumza na kijana peke yake, na alipotoka mle kijana alikua mwepesi usoni. Akaandika barua ya kupeleka skuli akae mbele na apewe kazi kwa vipande. Mtoto wa umri ule ukimsemea mbele yake kama hayupo hatokwambia kitu.

Sasa nyota yangu moja. Mapokezi pale hawana siri. Unaitwa jina lako lote kwa sauti na shida yako inatajwa kwenye benchi lililojaa watu, na mji wetu huu kabla hujafika nyumbani khabari imeshafika. Nimewaambia uso kwa uso, wakasema watarekebisha, bado. Pili, wanabadilisha miadi kwa meseji ya usiku. Kwa mtu wa mjini ni usumbufu, kwa mtu aliepanda boti kutoka Pemba ni hasara ya nauli na malazi. Na wagonjwa wenyewe ndo sisi tunaosahau tarehe, walitakiwa watupigie siku moja kabla. Bei nayo sio ndogo, hasa ule mwanzo wa mahojiano marefu na vipimo, ulizeni jumla yake kabla, sio ya kumuona daktari tu.

Asie na uwezo wa kulipa binafsi aanzie hospitali ya serikali, na Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya akili, isimtishe mtu. Jina lile tumelifanya la kutukania watu, na kule ndiko waliko watu waliosomea akili. Ukifika kokote, chukua ripoti zako za skuli kama zipo, mtu mzima aliekulea, na karatasi yenye mifano yako ya wiki mbili tatu, uisome hapo hapo mana ukikaa kitini utasahau. Ukiandikiwa dawa bila kuulizwa utoto wako wala kupimwa presha, tafuta mwengine. Na walioko Pemba, Wete, Chake au Mkoani, kabla ya kulipa ulizeni kama miadi ya kufuatilia wanafanya kwa simu, huyu wangu ameanza kukubali baada ya dozi kutulia, ila presha upime kituo cha karibu na umtumie namba.