Kadi za harusi Ngamiani: majina ya Kalasinga wanayapatia

Kama kadi yako ya harusi ina majina ya Kihindi, hasa ya Kalasinga, hapa Tanga ipeleke kwenye kile kiduka cha uchapaji cha Ngamiani kilichobanana na fundi cherehani. Mimi napamba kumbi, na wateja wengi hunikabidhi na kadi humo humo. Jina likiharibika, lawama yote yangu.

Juzi nilimpelekea kijana majina mawili, Gurpreet na Manjit. Hata kompyuta hajaigusa akaniuliza, "Dada, bibi harusi ni yupi hapa? Maana yote mawili wanapewa wa kike na wa kiume." Ndivyo ilivyo. Anayekutajia mke na mume ni Kaur na Singh, majina ambayo Kalasinga wanayahesabu tangu Guru Gobind Singh, mwalimu wao mkuu wa dini, alipoanzisha Khalsa, jumuiya ya waumini walioapishwa, kule Anandpur, India, mwaka 1699. Singh ni simba, Kaur ni mwana wa mfalme. Duka jingine la mjini liliwahi kuniandikia "Bw. na Bi. Singh" kwa wazazi wa bwana harusi. Mama wa watu ni Kaur tangu kuzaliwa kwake! Hakugomba, aliilaza tu ile kadi kifudifudi mezani akaendelea kunimiminia chai. Iliniuma sana.

Huyu kijana ana daftari la jalada gumu. Kila jina lililowahi kupita mkononi mwake limo, na tiki nyekundu ya mwenye jina pembeni. Herufi ya kwanza anaikagua kuliko zote, na ana haki: mtoto wa Kalasinga hufunguliwa Guru Granth Sahib, kitabu chao kitakatifu, na herufi inayoanza shairi lililotokea ndiyo inayoanza jina lake. Ukimwandika Harpreet bila H umemvua alichopewa. Preet ni upendo, jit ni ushindi, deep ni taa. Mbele hukaa Gur, yaani guru, au Har, yaani Mungu.

Ukoo anauandika mwisho, baada ya Singh au Kaur. Ahluwalia ni watu wa kijiji cha Ahlu, karibu na Lahore. Bedi asili yake ni wasomi wa Veda, maandiko matakatifu ya Kihindu, na ndio ukoo wa Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Kalasinga. Ramgarhia wametokana na ngome ya Ramgarh ya Amritsar, nao ni maseremala na wahunzi. Mafundi wengi wa Kipunjabi waliokuja Afrika Mashariki enzi za ujenzi wa reli walikuwa wa jamii hiyo.

Ubaya wake ni ahadi. Akisema Alhamisi, wewe weka Jumamosi, na Ijumaa mchana usiende kabisa, amefunga. Maandishi ya dhahabu nayo hubanduka kwa jasho la mkono, na joto letu mnalijua. Chukua wino wa kawaida, na usilipe yote kabla hajakutumia sampuli kwa WhatsApp ukaisoma na wenye harusi.