Hatari! ya mwaka 1962: nilimwekea Bibi John Wayne, yeye akaangalia mlima

Diski ilikaa posta siku tisa. Nikalipa ushuru, nikaifikisha nyumbani Usa River, nikaiingiza kwenye deki, na deki ikaniandikia kwamba haisomi diski ya kanda hiyo. Naanza na hili kwa sababu ndilo litakalowakuta wengi wenu mkiagiza sinema za kale kutoka Marekani. DVD zina namba za kanda: za Marekani na Kanada ni kanda ya 1, za Ulaya Magharibi ni ya 2, na sisi huku tumewekwa kanda ya 5 pamoja na India na Urusi. Muuzaji wa mtandaoni alikuwa ameandika kwamba inacheza popote. Nilimwandikia mara mbili, akajibu mara moja, na jibu lenyewe lilikuwa kikatuni kinachocheka. Fundi redio wa pale sokoni alichukua rimoti yangu, akabonyeza namba kadhaa kama mtu anayepiga simu, akachukua elfu tano yake, na tangu siku hiyo deki haijui mpaka wa nchi yoyote. Kabla hujairudisha diski, pitia kwa fundi.

Sinema yenyewe ni Hatari!, imeongozwa na Howard Hawks, staringi ni John Wayne. Ile alama ya mshangao ni sehemu ya jina. Bibi aliposomewa jina akauliza, "Hatari gani, na wao ndio wanaomfuata mnyama?" Sikuwa na jibu. Ila vijana wa mtaani kwetu wakikuambia kitu fulani ni hatari, wanamaanisha kimekolea, kwa hiyo naona jina limezeeka vizuri kuliko waliolichagua walivyotarajia.

Mimi nimelelewa na sinema za kikauboi. Kwenye kibanda umiza cha utotoni tulijua kanuni moja tu, staringi hafi, na tulijua pia kwamba Lufufu, yule mtafsiri wa sinema, akishika maikrofoni, hata farasi atapata maneno ya kusema. John Wayne nilimfahamu kabla sijajua Texas iko wapi. Nilipokuja kugundua, nikiwa mtu mzima, kwamba mzee huyu alikuja Momella, kando ya Mlima Meru, mwendo wa pikipiki kutoka nilipozaliwa, nikaona nimechelewa sana. Upigaji wa picha ulianza mwishoni mwa 1960 ukaendelea hadi mapema 1961, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Sinema ilipofika kwenye majumba ya Marekani mwaka 1962, bendera iliyokuwa ikipepea Arusha ilikuwa nyingine.

Kisa ni chepesi. Kundi la wakamataji wa wanyama, mmoja Mjerumani, mmoja Mfaransa, mmoja Mmeksiko, wengine Wamarekani, wanakaa kwenye shamba la Momella na kukamata wanyama hai kwa oda za bustani za wanyama za ng'ambo. Anakuja binti mpiga picha kutoka Italia, Dallas, ambaye anaigizwa na Elsa Martinelli, akiwakilisha bustani ya Basel ya Uswisi. Sean, yaani Wayne, hataki mwanamke kambini. Mwisho wa mambo hayo unaujua hata kabla sijamaliza sentensi.

Kuna mmoja kati yao anaitwa "Mhindi". Kabla sinema haijachanganya, kifaru anamtoboa mguu, na tukakaa dakika nzima tukijiuliza huyo Mhindi ni yupi, maana sisi tulikuwa tunamtafuta Mhindi wa kwetu, wa duka. Kumbe ni Mhindi Mwekundu, wa Marekani. Anaigizwa na Bruce Cabot.

Sasa niseme kilichonifanya niicheze mara tatu ndani ya wiki moja: mbio. Hakuna kompyuta hapa, hakuna mnyama wa mpira. Hawks aliwapandisha waigizaji wenyewe kwenye magari, akamwajiri Willy de Beer, mkamataji halisi wa wanyama hapa Tanganyika, kama mshauri, na mpango wake wa kazi ulitegemea wanyama wa siku hiyo wameamua nini. Utamwona Wayne, mwanamume wa miaka 53, amekaa kwenye kiti kilichofungwa juu ya tairi la mbele la lori, nje kabisa, mkanda kiunoni, mkononi ana mti mrefu wenye kitanzi. Lori linaruka mashimo. Twiga anakimbia pembeni kwa ile mikunjo yake ya miguu ambayo ukiitazama unadhani amechoka, kumbe dereva ndiye anayehema. Gari dogo linazunguka upande wa pili kumzuia asikate kona. Halafu vumbi. Niliwahi kukaa nyuma ya Land Rover ya shamba tukifukuza ng'ombe aliyekata kamba, na nawaambia lile vumbi la kwenye sinema nalijua ladha yake.

Kifaru wa mwishoni ndiye bora kuliko wote. Wamemfunga, watu wameanza kupumua, kisha kifaru anajikung'uta na kuondoka na kamba zake, na watu wazima wanakimbia huku na huko kama kuku. Hilo halikupangwa. Alitoroka kweli wakati wa kupiga picha, wakamkamata upya, na Hawks akaacha yote ndani ya sinema. Ukitazama nyuso utaona mahali uigizaji ulipokatikia.

Bibi yeye hakuwa anatazama kifaru. Bibi alikulia upande wa Ngarenanyuki, na sinema ilipigwa akiwa msichana. Nilikaa naye nikitegemea atashangaa wazungu, lakini kila kamera ilipofunguka alikuwa anasoma kilicho nyuma yao. "Meru huo." Kimya. "Huo tena, sasa wamekuja upande wa huku." Kimya. Kisha akaniambia nisimamishe. "Mjukuu wangu, hebu ona hiyo miti. Hapo leo kuna mahindi." Wayne alikuwa katikati ya kumfokea Dallas, mdomo wazi, na tukamwacha hivyo robo saa nzima Bibi akinihesabia nani alilima wapi.

Tangu hapo na mimi nikaanza kuangalia nyuma. Nawashauri mfanye hivyo, hasa ninyi mliozaliwa mikoa ya kaskazini, kwa sababu rangi za sinema hii ni za thamani. Mpiga picha wake, Russell Harlan, aliteuliwa kuwania Oscar kwa kazi hii. Kuna tambarare zilizojaa nyumbu, kuna maji yenye ndege, kuna anga la asubuhi la kwetu kabla jua halijakausha kila kitu, na kuna mji wa Arusha ambao ungeweza kuuvuka kwa miguu bila kuulizwa na bodaboda kama unakwenda Kijenge.

Watu walio nyuma ni hadithi nyingine. Waafrika wanabeba, wanashika kamba, wanafungua mageti, wanakimbilia kifaru yuleyule wanayemkimbilia wazungu. Majina yanayopita mwanzoni ni Wayne, Krüger, Martinelli, Buttons, Blain, Cabot, Girardon, de Vargas na Franz. Hakuna Mmeru hata mmoja, hakuna Mwarusha, hakuna Mchaga. Bibi alimtazama kwa muda kijana mmoja aliyeshika kamba ya tembo mdogo, akasema tu kwamba huyo lazima ana ndugu mahali.

Lakini kuna kitu kimoja nadhani sisi tunakipata ambacho mtazamaji wa Chicago hakipati. Dallas anawalea watoto wa tembo waliofiwa na mama, anawatafutia maziwa, anawaogesha, na wenyeji wanampa jina la Mama Tembo. Kwa mgeni hilo ni jina la sifa, mama wa tembo, zuri, la kimahaba. Kwetu sisi mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mama Neema, Mama Juma, Mama Tembo. Bibi alicheka mpaka akafuta macho, akasema, "Basi kifungua mimba wake ndiye huyo mwenye mkonga." Sina hakika kama Hawks alijua ameingiza utani mzuri kiasi hicho. Sherehe yenyewe ya kumpa jina, ambapo wanampaka binti wa watu rangi nyeusi, ilitunyamazisha wote wawili. Pale nikachukua rimoti na kupeleka mbele.

Mapenzi ndiyo udhaifu. Sinema ina dakika 157, na ukitoa mbio na watoto wa tembo unabaki na watu wazima wanaokunywa pombe jioni na kununiana. Wanaume watatu wanamtaka Brandy, binti mwenye shamba, na kila mmoja anapewa muda wake. Wayne na Martinelli wamepishana karibu miaka 28. Walipobusiana Bibi aliuliza, bila kugeuza shingo, "Huyu si baba yake?" Nikamwambia ndivyo zilivyokuwa sinema za wakati huo. Akasema hata na wanaume wa wakati huo.

Anayeokoa jioni hizo ni Red Buttons, dereva teksi wa zamani wa New York ambaye anaogopa wanyama wote wenye meno na wasio na meno. Roketi yake ya kurusha wavu juu ya mti uliojaa tumbili ni upuuzi mtupu na nimeicheka kila mara. Muziki ni wa Henry Mancini. Ule wimbo wa tembo wadogo wakienda kuoga ulimpatia tuzo ya Grammy kwa upangaji wa muziki, na hata kama hujaona sinema hii umeshausikia mahali.

Kuna wapenzi wenzangu wanaosema kama unataka Hollywood ya zamani iliyokuja Afrika Mashariki, anza na Mogambo ya 1953, ya John Ford, ina Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly. Ninayo. Ina mastaa wazuri zaidi na Gardner peke yake anatosha bei. Ila jina lile lilinisumbua kwa miaka. Wazungu wanaambizana kwamba ni Kiswahili. Si Kiswahili. Lilitoholewa kutoka Mocambo, klabu ya usiku ya Hollywood, wakabadilisha herufi moja ili lisikike kama la kwetu. Neno la karibu tulilonalo ni mgambo, na sidhani kama Grace Kelly alikuwa anakimbizana na mgambo wa jiji akiwa na karai la nyanya kichwani.

Wengine watakutajia The African Queen ya 1951, iliyompa Humphrey Bogart Oscar yake pekee. Hiyo sibishani nayo, ni sinema iliyobanwa vizuri kuliko Hatari!, na kisa chake kimewekwa katika Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914. Lakini picha za nje zilipigwa Kongo na Uganda. Cha kwetu mle ni ile meli ya Wajerumani, ambayo mwandishi wa riwaya aliichota kwenye habari za Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika, iliyozamishwa na wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927 ikiitwa Liemba. Watu wa Kigoma wana haki ya kuringa.

Kuna jambo moja sikulitarajia. Nilipokuwa mtoto ningeona kukamata wanyama ni ushujaa tu. Safari hii, kreti za mbao zilipoanza kujaa uani pale Momella, niliwakumbuka wale twiga wa KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Mwaka 2010 wanyama hai zaidi ya mia, wakiwemo twiga wanne, walipakiwa kwenye ndege ya kijeshi na kupelekwa Qatar, nchi nzima ikapiga kelele, na mwaka 2016 serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai. Kwenye sinema ni oda, orodha ubaoni, kifaru mmoja, tiki. Sitaki kuihukumu sinema ya 1962 kwa sheria ya 2016, ila starehe yangu ilipungua kidogo.

Aliyenigusa ni Hardy Krüger, Mjerumani anayeendesha lile gari dogo. Baada ya kazi wenzake walipanda ndege. Yeye alinunua shamba la Momella, akakaa miaka, akafungua loji. Alifariki Januari 2022 akiwa na miaka 93. Nilipomwambia Bibi, akataka nimrudishe kwenye skrini amwone vizuri.

Ubora wa diski yenyewe: picha safi, rangi hazijapauka, sauti ya magari inavuma hadi jirani aliuliza nimenunua trekta. Hakuna cha ziada ndani zaidi ya tangazo la zamani la sinema. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza. Natoa nyota nne. Ya tano nimeiacha kwenye ile sherehe ya rangi na kwenye jioni za kununiana.

Tulipofika mwisho, tembo watatu wadogo wanamsaka Dallas mitaani Arusha, wanaingia hadi hotelini, watu wanaruka pembeni. Ni sehemu ya kuchekesha na nilikuwa nacheka. Bibi akanishika mkono nisimamishe, akasogeza kiti hadi karibu kabisa na televisheni, akawa anasoma maandishi ya maduka moja baada ya jingine.