Kuchora farasi: njia ya Stubbs au ya Munnings?

Uanzie mifupani au malishoni? George Stubbs, mchoraji farasi wa karne ya 18, alijifungia Horkstow, Uingereza, kwa miezi 18 hivi, akichuna mizoga ya farasi tabaka kwa tabaka: ngozi, msuli, hadi mfupa. Uvundo mtupu, na muda mwingi ulikwenda. Lakini maarifa hayo hayachakai. Michoro aliyoichapisha 1766 bado inafundisha. Alfred Munnings, mchoraji farasi wa baadaye aliyepofuka jicho moja mwaka 1898, alipenda kuchorea nje. Ukikaa karibu na malisho, ni nafuu, na ule mng'ao wa jua kwenye kiuno cha farasi huupati kwenye mzoga. Ila mvua ikinyesha au farasi akigeuka, kazi imesimama. Miguu inakushinda? Mfuate Stubbs. Rangi zako zimepoa? Toka nje.